Koti la Baba Neema

Harufu ya soksi nzito zinazokaukia juu ya hita ya ukutani hunishika kooni mpaka leo. Majira ya baridi yaliyopita nilikwenda kumsalimia rafiki yangu mmoja ambaye mume wake anafagia barabara, nikakuta soksi za huyo bwana zimepangwa juu ya hita, nene, za kijivu, zinatoa mvuke. Chai niliyokaribishwa ikanishinda. Rafiki yangu akauliza kama naumwa, nikamwambia nimekumbuka tu. Hakuendelea kuuliza. Sisi tuliolelewa huku na wazazi waliokuja wakubwa, mwenzako akisema amekumbuka tu, unamwongezea sukari unanyamaza.

Baba yangu alikuwa akisimama getini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kulikuwa na saiti kubwa ya majengo, malori yanaingia na kutoka kutwa nzima, na yeye ndiye aliyeyasimamisha, akayaongoza yarudi nyuma bila kumkanyaga mpita njia, akafungua geti, akafunga geti. Kwetu Muleba alikuwa amefanya kazi ndani ya kiwanda cha kahawa, mahali penye joto na vumbi linalonukia, na nadhani hakuwahi kuwaza kwamba duniani kuna kazi ambayo ugumu wake wote ni kusimama. Mimi nilipokuwa mdogo niliiona kazi nyepesi. Nilikuwa nawaonea huruma baba za wenzangu waliobeba vitu.

Baridi ya London haina makeke. Siyo ile ya kwenye kalenda, theluji nyeupe na watoto wanateleza. Ni baridi ya majimaji, haina haraka, inaanzia kwenye nyayo, inapanda taratibu kama mtu anayepanda ngazi za nyumba anayoijua. Anayetembea anaikimbia kidogo. Anayesimama inamkuta palepale alipoachwa asubuhi. Saiti ilimpa baba helmeti, buti zenye chuma mbele, na reflekta ya rangi ya chungwa. Joto alitakiwa ajitafutie mwenyewe.

Mama ndiye aliyelibeba jukumu la kulitafuta hilo joto. Bukoba mjini alikuwa akiuza mitumba, na hakuwa muuzaji wa kuokotezaokoteza. Alikuwa mtu wa kufungua belo, akajua kwa kugusa tu kwamba hii ni daraja la kwanza na hii ya kupangusia pikipiki. London alikuwa akihudumia wazee majumbani mwao, anawaogesha na kuwalisha, na siku yake ya mapumziko ilikuwa Jumamosi. Jumamosi zote za msimu ule tulizimaliza kwenye maduka ya sadaka, yale yanayouza nguo zilizotolewa bure na wenye nazo. Ya Tottenham, tulipokaa, hakuyataka. "Maskini mwenzako atatupa nini?" aliuliza. Tulipanda basi mpaka kule mlimani kwenye nyumba zenye bustani, kwa sababu kwa maoni yake tajiri hulichoka koti kabla koti halijachoka.

Akiingia dukani alibadilika. Mwanamke yule aliyekuwa anasinzia kwenye basi, kichwa kinagonga kioo, sasa macho yanamwaka. Alitia mkono kwenye kwapa la koti, akanusa, akaigeuza mifuko nje, akavuta uzi wa pindo, akainua kitambaa kwenye mwanga. "Huyu alikuwa na mbwa," ananinong'oneza. "Huyu alivuta sigara, akaacha, akarudia." "Huyu, masikini, hakulivaa hata mara mbili." Mimi nilisimama nyuma yake nikiomba asitokee mtoto wa darasani kwetu. Nyumbani nguo hizi tuliziita kafa ulaya, na sasa nilikuwa huko ulaya kwenyewe. Nikawa namtazama kila mzee mwenye koti zuri barabarani, najiuliza atakufa lini.

Tatizo lilikuwa mikono. Baba yangu ni mrefu wa mikono, na wazee wa kule mlimani, Mungu awalaze pema, walikuwa wafupi au waliivaa mikono yao karibu na mwili. Makoti yakaishia katikati ya kiwiko na kiganja, na pale palipobaki wazi ndipo upepo ulipopatafuta. Mara moja mama alipata la sufu, refu, zito, la kiungwana, lenye mikono ya kutosha. Tulilileta nyumbani kama mgeni wa heshima. Lilikuwa zuri mpaka mvua iliponyesha. Sufu ikanywa maji, ikaendelea kunywa, na baba akarudi jioni amebeba uzito wa gunia la kahawa mbichi. Lilikaa bafuni likichuruzika mpaka wikiendi.

Basi tukaingia kwenye utundu. Baba alivaa suruali mbili, na chini yake taitsi za mama, nyeusi, zilizomfika nusu ya paja na kumfanya atembee kama bata. "Bosi akijua," alisema, "ataniuliza na sketi iko wapi." Alivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi kwa ushauri wa mtu wa kanisani, miguu ikatoa jasho asubuhi, na jasho lile likageuka barafu mchana. Mwishowe mama akakubali kushindwa, akanunua koti jipya pale sokoni, nene, limevimba vizuri. Baada ya wiki mbili pamba yake ya uongo ilikuwa imeshuka yote chini ikajikusanya kwenye pindo, na kifuani kukabaki vitambaa viwili vinavyopigana makofi. Mama alilitazama muda mrefu. Nadhani hakuna kitu kilichomuumiza kama kile, yeye, mtu wa mabelo. "Kipya kinadanganya," alisema. "Mtumba hausemi uongo, unakuonyesha kabisa ulivyochoka."

Kila jioni nilisikia buti likigonga mlango wetu chini, taratibu. Baba alikuwa na ufunguo, ila vidole vilikuwa haviwezi kuuzungusha. Mimi ndiye niliyefungua. Alisimama pale kwenye zulia, mikono imening'inia, nami nikashusha zipu yake, nikafungua kamba za buti, nikavua soksi. Soksi zilikuwa ngumu. Vidole vya miguu vilikuwa vimevimba na kupata weusi wa zambarau, na vikianza kupata joto vilimwasha mpaka akauma kola ya shati. Mama alishanionya nisimpe maji ya moto, niweke ya uvuguvugu tu. Niliyaweka. Baba akaingiza miguu, akafumba macho, akaniambia, "Asante, mama." Hakuwa na cha zaidi. Zamani alikuwa mtu wa hadithi, mtu wa kuigiza sauti za majirani. Msimu ule maneno yake yalibaki getini, pamoja na nguvu zake.

Ghorofa ya juu yetu walikaa kina Neema. Neema alikuwa wa umri wangu, amezaliwa hukuhuku, ana mdogo wake anayetambaa. Baba yake alikuwa mtu wa Singida, mnene, mcheshi, na alifanya kazi kwenye ghala la vyakula vya kugandisha. "Mimi nalipwa kukaa ndani ya friji," alikuwa akisema kwenye lifti, "kama samaki." Kazini walimpa koti la kazi hiyo, rangi ya buluu iliyoiva, limejazwa na kushonwa miraba miraba, kola ya manyoya inayofika masikioni, zipu yenye pete kubwa ambayo mtu anaivuta hata akiwa na glavu. Mama yangu alikuwa analitazama lile koti kwenye lifti kama watu wengine wanavyotazama gari.

Baba Neema alianguka bafuni siku ya Jumapili, presha, akafariki kabla gari la wagonjwa halijafika. Msiba ulikaa kwao. Viti vililetwa kutoka kanisani, wanawake walikaa chini kwenye mikeka, ngazi zikanukia pilau na maji ya vyombo. Watu walichanga, mwili ukasafirishwa, viti vikarudi kanisani. Koti likabaki linaning'inia nyuma ya mlango wao.

Sasa hapa inabidi nieleze nilichokuwa nakijua mimi, mtoto, kuhusu makoti ya marehemu. Babu yangu alipofariki kule Muleba, matanga yalipoanuliwa wazee walikaa uani wakamwita baba mkubwa, kaka wa baba yangu. Wakamvisha koti la babu, jeusi, lililopauka mabegani, wakamkalisha kwenye kiti cha babu. Kuanzia siku ile mambo yaligeuka. Bibi alimtania kwa kumwita mume wangu. Baba yangu, mtu mzima mwenye ndevu, alimwamkia kaka yake kama mtu anavyomwamkia baba. Sahani iliyokuwa ya babu ikaenda kwake. Nikajumlisha nilivyoweza: anayevishwa koti la marehemu anakuwa yule marehemu. Anahamia kwake. Wake zake na watoto aliokuwa nao mwanzo, sijui wanafanya nini.

Nilimsimulia Neema haya yote tukiwa tumekaa kwenye ngazi, kama kisa cha kutisha. Alikuwa anatafuna kamba ya sweta lake la shule.

"For real?" akauliza. "Anakuwa yeye kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kwa watoto?"

"Hata kwa watoto. Wanamwita baba, na anawajibu."

Akaitoa kamba mdomoni. Nilifikiri nimemtisha, nikaridhika.

Jumapili iliyofuata mazungumzo yale, tumetoka kanisani, Mama Neema aligonga. Alikuwa amepungua, kanga ya msiba imefungwa juu ya koti lake, na mkononi mfuko mkubwa wa plastiki. Akatoa koti akaliweka mapajani.

"Shemeji," akamwambia baba, "asubuhi nakuona dirishani unavyotoka. Huna nguo. Neema ndiye aliyenikumbusha, kasema mama, mpe baba yake Kemi lile koti. Na kweli linakaa tu nyuma ya mlango. Kila nikifungua linanigusa."

Baba alisimama, akafuta viganja kwenye suruali kama mtu anayetaka kupokea kitu, kisha akavirudisha nyuma. "Asante, shemeji. Mungu akubariki. Lakini hili lina wenyewe."

"Wenyewe si ndiyo sisi."

"Lina wenyewe nyumbani. Kaka zake hawajasema neno."

Mama yangu alimtazama baba kwa jicho lile ambalo likinigeukia mimi huwa nakimbilia chumbani. Mama Neema akainuka. "Basi naliacha hapa kwanza," akasema. "Kurudi nalo juu siwezi." Akalivika mgongo wa kiti, akatoka.

Lilikaa pale kwenye kiti wiki nzima. Hakuna aliyekikalia. Tulikula tukiwa tumelizunguka. Lilikuwa linanuka baridi ya ghala na mafuta ya nywele ya Baba Neema, na nilipokuwa peke yangu sebuleni nililigeuzia mgongo. Asubuhi baba alilipita, amevaa taitsi zake na vitambaa vyake viwili, akaenda kusimama. Jioni alilikuta, akalipita tena.

Nilikuwa na furaha, nisiseme uongo. Kila alipolipita nilishukuru. Halafu nashusha zipu yake, naona midomo imepasuka na ile mikono haikunjiki, furaha inaisha. Nilimtaka apate joto na nilimtaka abaki baba yangu, na sikuona jinsi ya kupata vyote. Mtoto haombi ushauri kwa mambo kama hayo. Anabeba tu.

Siku moja, mama akiwa anakatakata sukumawiki jikoni na mimi nipo mlangoni, uvumilivu ulimwisha.

"Unaogopa koti? Makoti yote niliyokuvalisha hapa ni ya wafu. Hukuwahi kuuliza."

"Wale wafu siwajui," baba alisema.

"Nguo ni nguo."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako."

"Na kiburi hakizuii upepo! Leta methali nyingine."

Baba akavuta kiti cha jikoni akakaa. Alikuwa bado na helmeti, amesahau kuivua. "Mama Kemi," akasema polepole, "si kiburi. Wale hawana Neema. Hawana mtoto anayetambaa. Nikilivaa hili nimewavaa wote watatu, na mimi hapa nilipo najikokota. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi, wanasema. Sawa. Lakini usufi ukiloa?"

Mama aliacha kukata. Akamvua ile helmeti, akaiweka juu ya friji. Mimi nikarudi chumbani nikiwa na uhakika sasa. Amesema mwenyewe: akilivaa, atakuwa wa wale watatu. Miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto na bili zangu na wazazi wa kuwapigia simu, ndipo nilipoelewa kwamba baba hakuwa anaogopa mzimu wala mila. Alikuwa mtu aliyechoka, anakataa kutoa ahadi ambayo hajui kama ataiweza. Kuna watu wanapokea koti na kusahau mwenye koti. Baba yangu hakuwa na kipaji hicho.

Kikohozi kilianza chini kabisa kifuani. Alikwenda kazini nacho, kikawa kikubwa, kisha asubuhi moja akafika mlangoni, akakaa chini kwenye zulia na buti zake, hakuinuka. Siku zile alilala sebuleni chini ya mablanketi yote ya nyumba, ametazamana na kile kiti. Wakala aliyempatia kazi akapiga simu. Baba aliiweka simu kifuani ikiwa na sauti ya juu, kwa sababu vidole vilikuwa vinamuuma. Yule dada wa upande wa pili alikuwa na adabu zote, akamwambia apone haraka, halafu akamwambia kwamba Jumatatu asipokuwepo getini atakuwepo mtu mwingine. Akasema asante. Baba naye akasema asante. Mama alikuwa amesimama na kikombe cha tangawizi. Kodi yetu ilitoka getini pale, na chakula, na ile ya kutuma kwa bibi. Hata mimi nilijua.

Jumapili mchana mama hakumuuliza mtu. Alilichukua koti kwenye kiti, akamshika baba mkono kama mgonjwa, akatupandisha sote ghorofa ya juu. Mama Neema, ambaye mama alikuwa ameshapatana naye, alikuwa tayari ameshika simu. Upande wa pili alikuwa baba mkubwa wa Neema, mkubwa wa ukoo wao, Singida. Nyuma ya sauti yake kuku walikuwa wanalia. Nikashangaa kwamba kuna mahali ambapo muda uleule kuna jua na kuku.

Mama Neema akaeleza. Mzee akasikiliza, akauliza, "Huyo bwana anafanya kazi gani?"

"Anasimama getini, shemeji. Anaongoza malori."

"Anasimama nje? Kwenye hiyo baridi tunayoiona kwenye televisheni?"

"Nje, tangu asubuhi."

"Na koti lipo ndani linaning'inia." Mzee alicheka kidogo, akakohoa. "Nyie watu wa ulaya. Mvisheni bwana huyo."

Mama akaliinua koti. Nami nikapiga kelele. Sikujua kama nitapiga. Nilisikia tu sauti yangu. "Baba, usivae! Ukivaa utahamia huku! Utakuwa baba yake Neema, utakuwa mume wa Mama Neema, na sisi tutabaki na nani?"

Kwanza hakuna aliyeelewa. Kisha mama yangu alipoelewa alianza kucheka, akajikunja, na Mama Neema, ambaye sikuwa nimemwona akicheka tangu msiba, alicheka mpaka akajifuta uso na kanga. "Jamani, mwanangu," akasema, "na huyu mwanaume wa taitsi nimpeleke wapi?" Baba naye alitabasamu, akanivuta karibu.

Neema hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya kochi, ngumi amezikaza. "He has to," akasema. "Kemi alisema. Alisema akivaa, ukimwita baba anaitika." Kisha mdomo ukaanza kumcheza, akalia. Alilia kwa sauti, kama mtoto mdogo zaidi ya alivyokuwa.

Kicheko kikakatika. Nikakumbuka alichosema mama yake, Neema ndiye aliyenikumbusha, na nikaelewa kwamba kisa nilichokisimulia ili kumtisha, yeye alikisikia kama habari njema.

"Nani analia hapo?" mzee akauliza kwenye simu.

"Neema," mama yake akasema. Akajaribu kueleza, hakuweza, mama yangu akamalizia.

Mzee aliwafukuza kuku wake. Halafu akasema, na sasa sauti haikuwa na mzaha, "Bwana, unanisikia? Mila za kwenu sizijui, na huko mliko hakuna mila wala nini. Simrithishi mtu kwa simu. Lakini mimi niko mbali, sina viza, na mdogo wangu nimeshamfukia. Wewe uko chini ya ngazi. Koti vaa, ni lako, usinishukuru. Ila watoto hawa wakikwama na wakaita, aitike mtu."

Baba alifumba macho. Nilikuwa nimebanwa ubavuni mwake, nikasikia jinsi pumzi inavyokwaruza ndani. Alikaa hivyo mpaka mzee akauliza kama laini imekatika.

"Nipo, mzee," baba akasema. "Nimesikia."

Akainuka, akapeleka mikono nyuma. Mama Neema akamwingiza mkono mmoja, mama yangu akamwingiza mwingine. Mikono ya koti ilimfika mpaka kwenye viganja, ikapita kidogo. Hakuna aliyepiga makofi. Mama alivuta zipu kwa ile pete, akamfunga mpaka kidevuni, na mikono yake ikabaki kwenye kola ile ya manyoya, anaikagua, anaitafutia kasoro kwa mazoea tu, hazioni.

Jumatatu alikwenda kazini. Jioni, giza limeshaingia kama kawaida ya msimu ule, sikusikia buti likigonga. Nilisikia ufunguo ukigusa kitasa, ukaingia, nikakimbia nikafungua kabla hajauzungusha. Alikuwa pale, mrefu, wa buluu, reflekta juu ya koti, kikohozi bado kipo lakini midomo ina rangi yake. Nikanyoosha mkono kwenye zipu.

Neema alikuwa amesimama kwenye ngazi. "Hita yetu imezima," akasema. "Mama amebonyeza, haiwaki. Mtoto ana baridi."

Baba aliutazama mlango wetu uliokuwa wazi, na nyuma yangu lile beseni nililokwisha kulijaza. Alitazama ngazi. Nilimwona akizipima, kama anavyozipima mtu aliyesimama tangu alfajiri. "Nakuja, mama," akaniambia, akaanza kupanda. Alishika ukuta. Nilisikiliza buti zile zikipanda juu na kuniacha, moja, pumzi, moja, pumzi, na kifua kikaniuma kwa sababu jambo lilelile nililoliogopa lilikuwa linatokea mbele ya macho yangu, na watu wazima walikuwa wamelicheka.

"Mwache," mama alisema kutoka jikoni. "Funika chakula chake."

Nilifunika. Tulisubiri. Maji ya beseni yakapoa, nikayamwaga, nikaweka mengine. Mwishowe mama akavaa kandambili, akanishika mkono, tukapanda.

Mlango wao ulikuwa umeegeshwa. Hita ilikuwa inafanya kazi, nyumba imeshaanza kupata uvuguvugu. Baba alikuwa amekaa kwenye kochi, amelala fofofo, kichwa nyuma, mdomo wazi, buti miguuni, zipu mpaka kidevuni. Mtoto alikuwa chini kwenye zulia anagonga helmeti kwa kijiko. Na Neema alikuwa amejipenyeza chini ya mkono wake wa kulia, ameegemea ile miraba ya buluu, macho wazi, hatikisiki, hapumui vizuri, anaogopa kumwamsha.

Mama alinyoosha mkono amguse bega. Ukafika nusu ya njia, akaurudisha. "Mwache apumue kidogo," Mama Neema alinong'ona kutoka kwenye kiti chake, na mama akakaa kwenye mkono wa kiti hicho, wote wawili na nguo zao za kazi, wakamtazama.

Mimi nilibaki mlangoni. Nilikuwa na wivu, wivu hasa, ule unaochoma masikio. Nilitaka aamke aseme mimi ni nani. Neema akaniona. Hakusema kitu. Alinyoosha kidevu chake taratibu, akanionyesha upande wa pili.

Mkono wa kushoto wa koti ulikuwa umelala juu ya kochi, haujachukuliwa na mtu. Nikaenda, nikauinua kwa mikono miwili kwa sababu ulikuwa mzito, nikaingia chini yake.